Mlalaji wa Duara la Mama Rosemary

Jilala Makoye alipewa kazi ya ulinzi kwa sababu ya macho yake. Yalikuwa makubwa, yametoka nje kidogo, na aliyeyatazama aliamini kwamba macho ya namna hiyo hayajui kusinzia. Mama Rosemary, mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, aliyatazama mara moja akamwajiri papo hapo. Hakujua, na Jilala hakuona sababu ya kumweleza, kwamba macho yale hayafungi sawasawa hata mwenyewe akiwa amelala fofofo. Ndivyo alivyozaliwa. Mama yake alikuwa akimwimbia mtoto aliyekwisha lala zamani, anaimba mpaka sauti inamkauka, akidhani bado anatazamwa.

Kwao ni kijiji kimoja mbele ya Mhunze, huko Kishapu. Alichunga ng'ombe wa baba yake mpaka ukame ukawamaliza ng'ombe na baba akakosa la kumtuma. Baada ya hapo akafanya kila kazi anayoifanya mtu asiye na kazi. Alibeba marobota ya pamba, akauza chumvi kwa baiskeli, akafyatua matofali Kahama wakati ule watu walipoamini kwamba mgodi wa Buzwagi ukianza kila mtu atajenga. Wengine walijenga kweli. Yeye alibaki na kalibu ya kufyatulia, nayo ikaja ikaibiwa.

Alichopata maishani kikakaa ni mke. Apolonia alikuwa Msumbwa wa Ushirombo, Mkatoliki wa kusali rozari huku anakaanga maandazi, na hakuwahi kukosea tendo wala kuunguza andazi. Mariana, binti yao wa pekee, alikuwa bado ananyonya pale bibi yake, mama mzazi wa Apolonia, alipofariki, na kitindamimba wa marehemu, Luka, akaletwa kwao akiwa hajajua kutembea. Apolonia akawalea wote wawili, mmoja mgongoni, mmoja kifuani. Kwa hiyo Luka alimwita Jilala shemeji kwa mdomo tu. Viatu vya kwanza alinunuliwa na Jilala, fimbo ya kwanza alichapwa na Jilala, na alipopata homa kali ni Jilala aliyempakia kwenye baiskeli ya chumvi akaendesha mpaka hospitali akilia njia nzima.

Mariana akaolewa. Luka akakua, akapata mabega, na siku moja akaaga kwamba anakwenda Nyamigoto, machimbo madogo upande wa Geita, kushuka chini ya ardhi. Apolonia hakumzuia, maana kijana wa mabega yale huwezi kumfunga kamba. Alimgeukia mumewe.

"Baba Mariana, na sisi tunahamia huko," alisema. "Mimi nitauza maandazi. Wewe tafuta kazi yoyote, lakini kazi yako ni kumwangalia Luka."

Ndivyo macho yale yalivyofika kwa Mama Rosemary. Kwa mwajiri, Jilala alikuwa mlinzi wa viroba vya mawe vinavyopandishwa mchana kutoka chini. Kwa mkewe, alikuwa mlinzi wa Luka, ambaye kwa bidii yake alikuwa amekwisha kuwa kiongozi wa wachimbaji wa duara hilohilo. Viroba alivilinda vizuri sana kwa muda, akivikalia. Kisha joto la mchana likamzoea, naye akalizoea, na akawa analala juu ya viroba macho yakiwa wazi nusu, na watu wanapita wanamwamkia na kusifu utulivu wake.

Kilichomponza ni mkoromo. Mama Rosemary alifika mchana mmoja, akasalimia, akajibiwa kwa sauti kama ya karasha, ile mashine ya kusaga mawe, inayokosa mafuta. Alikuwa mwanamke mnene wa Kahama, aliyewahi kufanya biashara ya mchele, na katika mchele alijifunza kutomwamini mtu yeyote anayekaa juu ya gunia. Akampiga teke la mguu. Akamwambia akusanye vyake aondoke. Wachimbaji waliokuwa wanapumzika wakaja kutazama, kwa sababu mtu kufukuzwa kazi ni burudani ya bure.

Jilala aliamka na kitu kimoja tu kichwani: kwamba akiondoka, nani atamwangalia Luka? Mdomo ukatangulia akili.

"Sikuwa nalala, mama," alisema. "Nilikuwa naonyeshwa."

Angesema jambo hilo kwenye ofisi ya pamba wangemcheka mpaka getini. Lakini machimboni hakuna aliye na uhakika wa kitu, watu wanapiga jabali miezi na miezi kwa kubahatisha, na neno "naonyeshwa" likianguka mahali kama hapo halianguki chini. Mama Rosemary akashusha mguu. Akauliza, unaonyeshwa nini? Na hapa Jilala hakudanganya, maana kweli alikuwa ameota. Aliota ng'ombe wa baba yake, yule asiye na pembe aliyekufa na ukame, amesimama pale machimboni amevaa mabuti ya mpira miguu yote minne, uso ameuelekeza magharibi, anakojoa bila haraka.

Wakaitwa watu. Na ukisema watu waitwe kwa ajili ya ndoto Nyamigoto, anayeitwa ni Benjamini. Huyu aliuza kandambili na vocha za simu, alikuwa mzee wa kanisa dogo la mabati, na kwa upande wa tatu alikuwa mfasiri wa ndoto, kazi ambayo hakuna aliyempa na hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Kanuni yake ilikuwa moja na watoto wote waliijua. Ndoto, alisema, ni fulana iliyovuliwa kwa haraka, ya ndani iko nje, na usipoigeuza huwezi kuivaa. Ukiota msiba, ni harusi. Ukiota kinyesi, ni mali. Ukicheka ndotoni utalia, ukilia utacheka. Alimsikiliza Jilala hadi mwisho, akauliza kama mabuti yalikuwa meusi, akaambiwa meusi, akafumba macho. Ng'ombe ametazama magharibi, basi mali iko mashariki. Chimbeni mashariki.

Wakachimba mashariki. Na kwa kuwa dunia hii haina aibu, wakaipata dhahabu. Haikuwa nyingi sana, lakini ilikuwa ya kutosha kuwafanya watu wazima wakumbatiane wakiwa na matope, na kumfanya Mama Rosemary avue kilemba chake mbele ya watu.

Kesho yake Jilala alipandishwa cheo. Alitolewa kwenye viroba na kufanywa mlalaji wa duara.

Mimi nimesikia vyeo vingi, vingine vya ofisi kubwa ambavyo kazi yake haitofautiani sana na hii, lakini walau huko hawasemi wazi. Huku walisema wazi. Kazi yake ilikuwa kula chakula cha mchana, kulala, kuota, kuamka, kueleza. Alilala mchana kwa sababu Benjamini alisema ndoto za usiku zimeshikwashikwa na wachawi na hazifai kwa kazi ya madini. Alilishwa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga na bakuli la maziwa mgando, kwa hoja kwamba tumbo jepesi huleta ndoto nyepesi. Akilala, karasha ilizimwa. Wanawake walihamisha vinu. Kwaya ya kanisa la mabati iliacha mazoezi, na jogoo wa jirani mmoja, Bhoke, akawa anafunikwa kapu saa ile, kwa malalamiko makubwa ya Bhoke, aliyedai jogoo wake ameanza kuona dunia ina usiku mara mbili. Wachimbaji wa maduara mengine walikuja kuegemeza masikio kwenye ukuta wa kibanda wasikilize mkoromo, wakidhani wataiba hata kipande cha ndoto. Wazee wa umri wa baba yake walianza kumwamkia shikamoo, naye kwa aibu akawa anaitikia marahaba akitazama chini.

Tatizo likawa moja. Miaka yote alikuwa akilala kazini bila taabu. Sasa kazi ikawa kulala, na usingizi ukamkimbia. Alijilaza pale kibandani, tumbo limejaa, nje kimya kizito cha watu wazima wanaotembea kwa vidole, na moyo unampiga kama mtu anayesubiri kuitwa mahakamani. Bahati yake ni yale macho. Waliochungulia waliyaona yako wazi nusu, kama siku zote, wakaondoka wameridhika kwamba mlalaji yuko kazini.

Siku ya kwanza akaamka, yaani akainuka, na wote wamejipanga mlangoni, Mama Rosemary mbele, Benjamini kando yake. Ikabidi aseme kitu. Akasema ameota yule ng'ombe tena, safari hii ametazama barabarani. Alitaja barabara kwa sababu ndiyo aliyokuwa akiiona kupitia mlango. Hakuwa na maana yoyote, maskini. Benjamini akaigeuza fulana. Kinyume cha barabara ni kule kwenye duara la zamani, shimo lililoachwa na mtu mmoja aliyehama, ambalo toka mvua zianze limejaa maji mpaka mdomoni. Luka na wenzake wakashuka, wakaanza kutoboa njia ya chini kuelekea huko.

Kibanda cha Jilala kilijengwa palepale kando ya shimo hilo la zamani, kwa kuwa hakuna aliyepita huko na palikuwa na utulivu. Akiwa amelala macho, kitu pekee cha kutazama, kupitia upenyo wa ukuta wa nyuma, kilikuwa yale maji, na juu yake dumu la njano lililotupwa na mtu, likielea. Alilitazama dumu lile mpaka wakawa kama marafiki. Mwanzoni lilikuwa linagusa ukingo. Kisha likashuka kidogo. Mvua ikanyesha, tena mvua ya kupiga mabati, akategemea kuona dumu limepanda, akaona limeshuka zaidi. Ikafika siku ilimbidi anyanyue shingo ili alione.

Jioni hiyo Luka alipita kwa dada yake kula, akasimulia kwa furaha kwamba ukuta wa kule chini umeanza kutoa jasho. Wameuliza kwa Benjamini, naye amesema mwamba uko kwenye uchungu wa kuzaa. Jilala aliyekuwa na tonge mkononi akalirudisha kwenye sahani. Maji yanapungua juu, ukuta unalowa chini, na aliyewaelekeza huko ni yeye, kwa ndoto ambayo hata kuiota hajaiota.

Akamvuta Luka nje, akamwambia moja kwa moja kwamba wasiendelee, maji ya shimo la zamani yanawafuata. Luka alimsikiliza kwa heshima yake yote.

"Umeota lini hiyo, shemeji?"

"Sijaota. Nimeona kwa macho."

Luka akacheka, akamshika bega. "Shemeji, kuona hata mimi naona. Wewe tupe zile zako."

Akaenda kwa Mama Rosemary. Alimkuta anakunywa chai, akaketishwa kwenye kiti chenye mto. Alipoeleza habari ya dumu, mwanamke yule alikunja uso polepole, na Jilala alifikiri ameogopa. Kumbe amekasirika. Alitaka kujua ilikuwaje mtu aliyeajiriwa kulala, anayelishwa michembe na maziwa, ambaye kwa ajili yake karasha inazimwa, awe anatazama dumu saa za kazi. Huo, alisema, ni uzembe. Akaongeza kwamba safari hii anamsamehe, lakini akimkuta tena yuko macho wataachana. Jilala akatoka akiwa haelewi dunia imegeukia upande gani. Mwezi uliopita nusura afukuzwe kwa kulala, leo nusura afukuzwe kwa kuwa macho, na anayefukuza ni mtu yuleyule.

Basi, kama wanataka ndoto, atawapa ndoto. Kesho yake mchana aliinuka kitandani akasema ng'ombe sasa amelitazama duara la zamani, akitegemea fulana itageuzwa na watu warudishwe barabarani. Benjamini alifikiri sana. Akasema ng'ombe huyu alikwisha geuzwa juzi, na kitu kilichogeuzwa ukikigeuza tena unakirudisha kilipokuwa, kwa hiyo mnyama anathibitisha tu. Watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Jilala akaona heri aseme yote. Akasema ameota zaidi: maji yamevunja ukuta, matimba yanayoshikilia dari yameanguka, na Luka na wenzake wanaelea kifudifudi.

Alisema hayo machozi ya kweli yakimtoka.

Benjamini aliruka kwa furaha. Maji ni mali! Maiti ni maharusi! Na mwotaji analia, mmeona, analia, hicho ni kicheko kinakuja! Wachimbaji wakapigiana makofi migongoni. Kuna aliyeanza kutaja jina la msichana wa Bukombe. Mama Rosemary akaamuru waongeze zamu, na wakashuka tena mchana huohuo, Luka akitangulia huku anaimba.

Jilala alikwenda kwa mkewe akakaa chini kwenye majivu ya jiko la maandazi, hakujali suruali. Akamweleza yote, toka uongo wa barabara mpaka maharusi. Apolonia hakupiga kelele. Alitoa maandazi yaliyokuwa kwenye mafuta, maana hata siku ya mwisho wa dunia huwezi kuacha maandazi yaungue, kisha akakaa naye palepale majivuni. Alimwambia kwamba amemlea Luka kwa mgongo wake na hatamzika. Akamwambia pia kwamba yeye, mumewe, ni mjinga, lakini ujinga wake wataujadili baadaye. Halafu akasokota rozari kwenye kidole.

"Msiba kwao ni harusi," alisema mwishowe. "Maji ni mali. Sasa na mali je, Baba Mariana? Mtu akiota mali, huyo Benjamini wenu anasemaje?"

Jilala akamtazama mkewe. Kisha akasimama, majivu yakimdondoka, akaenda kibandani kulala.

Kesho yake hakusubiri hata maziwa. Alijilaza, watu wakanyamaza, karasha ikazimwa, jogoo akafunikwa. Dumu lilikuwa limeshuka mpaka haliwezi kuonekana hata ukinyanyua shingo. Punde akatoka nje, akakuta wamejipanga kama kawaida. Luka na wenzake walikuwa chini, kazi haikusimama tena kwa ajili ya usingizi toka siku ya maharusi. Jilala alivuta pumzi.

"Leo nimeota dhahabu," alisema.

Mtu mmoja aliyekuwa anatafuna muwa akaacha kutafuna.

Benjamini akauliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta mlango wa nyuma, kama ilikuwa dhahabu hasa, au labda ni shaba, maana shaba nayo inang'aa. Jilala akajibu kwamba ni dhahabu, aliing'ata. Ilikuwa kiasi gani? Ukuta mzima wa njia ile ya chini, toka juu mpaka chini. Luka alikuwa ameshika bonge kubwa kama boga na kila mtu amejaza viroba, hata viroba vimeisha wakawa wanajaza kwenye suruali.

Mama Rosemary aliziba masikio. Mwanamke huyu alikuwa ameuza mashamba kwa ajili ya dhahabu, ameachana na mume kwa ajili ya dhahabu, na sasa alikuwa anamsihi mlinzi wake asiendelee kuitaja. Mzee mmoja akavua kofia. Mwingine, ambaye si Mkatoliki wala si wa dini yoyote inayofahamika, akafanya ishara ya msalaba.

"Na mlikuwa mnalia au mnacheka?" Benjamini aliuliza.

"Tulicheka. Tulicheka mpaka tukakaa chini."

"Basi tumekwisha," alisema Benjamini.

Sijui kama pamewahi kutokea, mahali popote pale ambapo watu wanachimba, wachimbaji wakakimbia kwa sababu wameambiwa dhahabu ipo. Nyamigoto walikimbia. Mama Rosemary ndiye aliyeruka wa kwanza kwenye kamba akaitikisa, akipaza sauti kwenye mdomo wa duara kwamba watoke wote, waache nyundo, waache viroba, kuna dhahabu humo. Winchi ilizungushwa na watu wengi kuliko mpini wake ulivyoweza kubeba. Wakapanda mmoja baada ya mwingine, vichwa vyeupe kwa vumbi la jabali, wakiuliza kuna nini, na kila aliyeuliza alijibiwa "dhahabu," naye akaangua mbio. Luka, kwa kuwa ni kiongozi, alibaki wa mwisho. Jilala alisukuma watu akashika kamba kwa mikono yake, na mikono ikachubuka, na hakuiacha mpaka alipoona mabega yale yanatokeza. Luka aliposikia shemeji yake ameota nini, hakucheka. Alifungua mkanda wa kamba haraka akasogea pembeni.

Wakaanza kubishana kama kafara iwe kuku mweupe au mbuzi mweupe. Bhoke alikuwa ametaja jogoo wake, kwa sauti ya kukata tamaa, pale ardhi ilipotoa mngurumo kama lori linamwaga kifusi. Upepo wa baridi ukatoka kwenye mdomo wa duara, unanuka matope. Upande wa pili, kwenye shimo la zamani, maji yakafyonzwa yote kwa mkupuo, na lile dumu la njano likazama nayo. Baada ya muda mfupi matimba yakaanza kuibuka ndani ya duara la Mama Rosemary, yanazunguka juu ya maji mekundu, na katikati yake, likiwa zima kabisa, dumu la njano.

Jilala alilitazama dumu akaanza kulia, na safari hii hakuna aliyekigeuza kilio chake.

Alipopata sauti aliwaambia ukweli. Alidhani ni haki yao, na alikuwa amechoka. Aliwaambia kwamba hakuota dhahabu, wala maiti, wala ng'ombe wa barabarani. Kwamba toka apewe kile kibanda hajapata usingizi hata kidogo, alikuwa anatazama tu maji yakipungua, na alipowaambia hivyo hawakumsikia. Watu walimsikiliza kwa makini mno. Kisha nyuso zote zikamgeukia Benjamini.

"Mmesikia?" alisema Benjamini, na macho yalikuwa yanamng'aa. "Anasema hakulala. Igeuzeni."

Wakaigeuza. Ikasemwa palepale kwamba hakuna mtu aliyewahi kulala usingizi mzito kama huu, unaomfanya mtu asijijue kwamba amelala. Mama Rosemary akatangaza kwamba duara jipya litafunguliwa upande wa pili wa kilima, na kwamba mlalaji atanunuliwa godoro.

Jilala hakubaki kusikia unene wa godoro. Luka alimshika mkono wakaondoka, mchana kweupe, wakapita katikati ya watu wanaowapisha njia. Nyumbani Apolonia aliwaona wakija wote wawili kwa miguu yao. Aliacha chujio ndani ya mafuta. Ndiyo siku pekee inayojulikana ambapo aliunguza maandazi. Alimshika Luka uso, akamshika masikio, akamshika mabega, kama mtu anayekagua mbuzi sokoni, halafu akamfanyia hivyohivyo mumewe, na mwisho akawalilia wote.

Jilala aliingia ndani akajitupa kwenye mkeka, matope na yote. Luka alimfuata akakaa kando yake.

"Shemeji," alisema. "Siku ile uliniambia umeona. Mimi nikacheka."

Alisubiri ajibiwe. Macho ya Jilala yalikuwa wazi nusu, yanamtazama. Luka akaanza kumwomba msamaha, akamwambia mambo ambayo hakuwahi kumwambia, habari za baiskeli ya chumvi na ile homa, akamwita baba kwa mara ya kwanza. Alisema yote hayo kwa ukamilifu, ndipo mkoromo ulipoanza. Jilala alikuwa amelala toka alipogusa mkeka.

Luka akajifuta uso kwa fulana. Nje watu walikuwa wanakuja, Mama Rosemary mbele, godoro linabebwa kichwani nyuma yake, Benjamini anaharakisha kandambili. Walisikia mkoromo wakaanza kunyata. Mmoja alichungulia, akaona macho, akaamkia shikamoo.

Luka alitoka na kigoda, akavuta pazia la mlango, akakaa mbele yake na mabega yake yote.

"Ameota nini?" Mama Rosemary alinong'ona.

"Hajaota, mama," alisema Luka. "Amelala."